Kamera Ndogo ya Kwenda Nayo Ng'ambo: Namna ya Kuichagua Ukiwa Kisumu au Nakuru

Kabla hujauliza bei, jiulize simu yako inakuangusha wapi. Simu nzuri ya siku hizi inapiga picha safi za mchana, za chakula mezani na za watu waliosimama hatua chache mbele yako. Ukinunua kamera ya kufanya hayo hayo, umetupa pesa. Kamera ndogo inajilipa pale simu inaposhindwa: kitu kikiwa mbali, mwanga ukiwa hafifu, au siku ikiwa ndefu na simu haifai kuishiwa chaji kwa sababu ndani yake mna tikiti, ramani na namba ya mwenyeji wako.

Basi fungua picha za simu za mwaka uliopita na uangalie zile zilizoharibika. Kama nyingi ni za vifaru na heroe wa Ziwa Nakuru waliotoka kama vitone, unahitaji zumu. Kama ni za ndani ya kanisa, za harusi usiku au za watoto waliotoka na ukungu, unahitaji lenzi inayoingiza mwanga mwingi na kihisi kikubwa nyuma yake. Mambo hayo mawili hayakai vizuri pamoja katika kamera ya mfukoni. Anayetaka yote mawili kwa ukamilifu huishia kununua kamera kubwa ambayo baada ya siku mbili za kutembea inaachwa hotelini.

Kihisi kwanza, megapikseli baadaye

Kihisi ni kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi ambacho hupokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Kamera nyingi ndogo zenye zumu ndefu sana zina kihisi kinachoandikwa inchi 1/2.3, ambacho kwa vipimo halisi ni takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Za daraja la juu yake zina kihisi kinachoitwa cha inchi 1, yaani milimita 13.2 kwa 8.8. Eneo lake ni takriban mara nne ya kile cha kwanza. Chache huenda hadi APS-C, ambacho ni karibu milimita 23.5 kwa 15.6.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, hazikuambii lolote kuhusu hili. Kamera mbili zinaweza kuwa na megapikseli 20 kila moja, na mchana kweupe picha zao zikafanana. Jua likizama, ile ya kihisi kidogo hujaa chengachenga na rangi za ngozi zinapauka. Tena simu nyingi za bei ya juu sasa zina kihisi kikubwa kuliko hicho cha inchi 1/2.3, na programu yake huunganisha picha kadhaa kuwa moja. Kwa hiyo kamera ya inchi 1/2.3 usiinunue kwa ajili ya usiku. Inunue kwa zumu tu, na hapo itakufaa sana.

Muuzaji akianza kukusifia megapikseli, mwulize ukubwa wa kihisi. Asipojua, tafuta jina kamili la modeli chini ya kamera na uangalie vipimo vyake kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa pesa.

Kusoma namba za lenzi

Katika vipimo vya kamera utaona masafa ya lenzi kwa milimita, kama 24–70, 24–200 au 24–720. Namba ndogo ni upana, namba kubwa ni umbali. Kwa 24 unaweza kusimama barabarani na kuingiza jengo zima, au kupiga chumba kidogo cha wageni bila kurudi nyuma hadi ukutani. Kwa 100 unapata uso na mabega kwa umbali wa heshima. Kwa 200 unafikia madhabahu ukiwa viti vya nyuma vya kanisa kubwa. Wanyama na ndege huanza kujaa fremu kuanzia 400 kwenda juu.

Maneno "zumu mara 30" yanamaanisha tu kwamba namba kubwa ni mara 30 ya ile ndogo: 24 kwa 30 ni 720. Hakikisha zumu inayotajwa ni ya lenzi yenyewe. Zumu ya kidijitali hukata katikati ya picha na kuikuza, jambo ambalo ungeweza kulifanya nyumbani baadaye bila kulilipia. Ukishapata kamera, ingia kwenye menyu uizime.

Namba nyingine ni ile yenye herufi f. Hapa ndogo ndiyo bora: f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Lenzi ikiandikwa f/3.3–6.4, namba ya pili ni hali ilivyo ukivuta zumu mpaka mwisho. Hapo ndipo picha za jioni huharibika: umevuta hadi mwisho, mwanga unaoingia ni kidogo, kamera inalazimika kuacha pazia lake la kuingizia mwanga (shutter) wazi kwa muda mrefu, na mkono unatikisika. Kizuia mtikisiko kilichomo ndani husaidia kwa majengo na milima. Hakisaidii kitu kwa mtoto anayekimbia, kwa sababu anayesogea ni yeye.

Ukiweka majina kwenye maelezo haya, Canon PowerShot G7 X Mark II na Mark III zina kihisi cha inchi 1 na lenzi ya 24–100 yenye f/1.8–2.8. Hizo ni za watu, chakula, vyumba na jioni. Panasonic TZ200, ambayo Marekani huuzwa kwa jina la ZS200, ina kihisi hicho hicho na lenzi ya 24–360, lakini f/3.3–6.4, basi inataka mchana. Sony RX100 VII inakaa katikati: 24–200, f/2.8–4.5, gramu 302 pamoja na betri. Ni kamera nzuri sana lakini menyu yake ni ndefu na humchosha mtu asiyependa kuchezea vifaa. Canon SX740 HS hufika 960 kwa kihisi cha inchi 1/2.3. Ricoh GR III haina zumu kabisa: ni 28 pekee, na kihisi cha APS-C, ndani ya gramu 257. Na anayekwenda pwani, kwenye mito au kazi za shambani aangalie OM System TG-7, inayoweza kuingia majini hadi mita 15.

Kwa msafiri wa kawaida, yule anayekwenda kuwaona jamaa Uingereza au Kanada, kutembelea miji, kukaa kwenye sherehe na kurudi, pendekezo letu ni kihisi cha inchi 1 na zumu fupi. Picha nyingi za safari hiyo hupigwa ndani ya nyumba au baada ya saa kumi jioni. Kipindi cha baridi huko, giza huingia mapema kuliko tulivyozoea sisi wa ikweta.

Nyuso zetu, kuta nyeupe na theluji

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo kamera nyingi huwaangusha wasafiri wetu na muuzaji hakuambii.

Kamera hupima mwanga wa fremu nzima na kutafuta wastani. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya dirisha, ukuta mweupe au theluji, kamera huona mwangaza mwingi kupita kiasi, inaupunguza, na uso unatoka giza usioonyesha macho. Theluji yenyewe, badala ya kuwa nyeupe, hutoka kijivu. Kamera haijaharibika. Imefanya hesabu yake, na hesabu hiyo haikumjali mtu aliyesimama pale.

Dawa yake ni kitufe au gurudumu lenye alama ya +/−. Kwa uso mbele ya ukuta mweupe au anga yenye mawingu, panda hadi +0.7 au +1. Kwenye theluji jaribu +1 hadi +2. Ukifanya hivyo mandhari ya nyuma inaweza kupauka kidogo. Ikubali, mradi uso wa mama yako uonekane. Kinyume chake, mtu aliyevaa koti jeusi mbele ya mlango mweusi atatoka amepauka, basi shuka hadi −0.7. Washa pia utambuzi wa uso kwenye menyu, ili kamera ipime mwanga kwa kuangalia uso kwanza.

Kwa hiyo unapochagua, uliza: nikitaka +/− nabonyeza mara ngapi? Ikiwa ni mara moja au kuna gurudumu lake, vizuri. G7 X Mark II na Mark III zina gurudumu hilo juu ya mwili wa kamera, chini ya kidole gumba. Ikiwa lazima upitie kurasa tatu za menyu, hutalitumia kamwe.

Jaribu dukani hapo hapo. Mwambie uliyekuja naye asimame mlangoni, barabara yenye jua ikiwa nyuma yake. Piga picha moja ilivyo, kisha nyingine kwa +1, ukuze uso kwenye skrini. Dakika mbili hizo zitakufunza kuhusu kamera hiyo zaidi ya kipeperushi chote.

Urahisi wa kutumia upimwe kwa mkono

Kama kamera ni ya mzee anayekwenda kuwatembelea wanawe, mpe yeye mwenyewe aishike. Aiwashe, apige, aione picha, aizime, bila wewe kugusa wala kueleza. Akikwama kwenye kuwasha, itabaki mfukoni. Angalia kama gurudumu la juu lina alama ya AUTO inayoonekana wazi, na kama halizunguki lenyewe kamera ikitolewa mfukoni. Vitufe vidogo sana huwasumbua wenye vidole vinene, na kwenye baridi, wenye glovu.

Toka nje ya duka. Skrini inayopendeza chini ya taa inaweza kuwa kioo cheusi saa sita mchana ufuoni Dunga, jua likiwa juu na maji yakirudisha mwanga. Kamera yenye dirisha dogo la kuchungulia, kama TZ200 na RX100 VII, huondoa tatizo hilo. Isipokuwa nalo, hakikisha mwangaza wa skrini unaweza kupandishwa kwa urahisi.

Jambo moja watu wanaotoka kwenye simu hulikosa: kitufe cha kupigia kina hatua mbili. Kibonyeze nusu, usubiri kisanduku cha kijani au mlio mfupi unaoonyesha kamera imelenga, kisha malizia. Ukikigonga mara moja kama skrini ya simu, kamera huenda ikapiga kabla haijalenga vizuri, nawe utailaumu lenzi.

Ukiuziwa kamera iliyotoka nje, fungua menyu ya lugha. Baadhi ya kamera zilizotengenezewa soko la Japani zina Kijapani pekee na haibadilishwi.

Kununua ya mtumba

Maduka mengi ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu na ya Kenyatta Avenue kule Nakuru ni ya simu. Kamera za aina hii mara nyingi huagizwa kutoka Nairobi au hununuliwa kwa mtu aliyeitumia. Mtumba si vibaya, ila usitume pesa kwa M-Pesa kabla ya kuushika mzigo. Nenda na kadi yako ya kumbukumbu, karatasi nyeupe na nusu saa.

Iwashe na kuizima mara kumi. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kusita. Chembe ya mchanga ndani ya sehemu za lenzi zinazotoka na kurudi hufanya mota ikwame, na ujumbe wa hitilafu ya lenzi unapotokea, gharama ya fundi hukaribia bei ya kamera nyingine. Vuta zumu hadi mwisho na kuirudisha, ukisikiliza.

Kisha weka hali ya A au Av, chagua namba kubwa kabisa ya f, mara nyingi f/8 au f/11, na upige karatasi nyeupe au anga tupu. Kuza picha na uipitie kona hadi kona. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pale pale katika kila picha ni vumbi juu ya kihisi. Kwenye kamera ambayo lenzi yake haibanduliwi, vumbi hilo haliondolewi bila kuifungua yote. Hapo punguza bei sana au uondoke.

Ziba lenzi kwa kiganja upige picha ya giza. Nukta nyekundu au nyeupe zinazong'aa ni pikseli zenye hitilafu. Jaribu flashi. Chomoa betri uilaze juu ya meza: ikicheza kama kikombe cha chini ya duara, imevimba, usiitumie. Angalia kama mlango wa betri unafunga kabisa, kwa kuwa ukilegea, baadhi ya kamera hukataa kuwaka. Mwisho nakili namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na uombe sanduku au risiti. Muuzaji asiye na chochote kati ya hivyo na anayeharakisha mauzo anaweza kuwa anakuuzia mali ya wizi, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai Kenya.

Betri, chaji na kadi

Betri za kamera ndogo ni ndogo kweli. Kwa kipimo cha watengenezaji, RX100 VII hupata takriban picha 260 kwa chaji moja, G7 X Mark III takriban 235, na GR III kama 200. Video hupunguza zaidi. Nunua betri moja ya ziada, na mbili ukienda kwenye baridi, kwa sababu baridi kali huifanya betri ionekane imeisha ilhali bado ina chaji. Iweke mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, na ikipata joto itaamka.

Kamera inayochajiwa kwa USB huokoa nafasi ya chaja, lakini soma masharti yake. G7 X Mark III huchajiwa kwa USB-C ya aina ya PD (Power Delivery, chaji yenye nguvu zaidi). Ukichomeka chaja ya zamani ya simu inaweza isipokee kabisa, na wengi hudhani kamera imekufa.

Kwenye chaja ya ukutani tafuta maandishi INPUT 100–240V. Ukiyaona, huhitaji transfoma popote duniani, unahitaji adapta ya plagi tu. Plagi yetu ya pini tatu bapa inaingia moja kwa moja Uingereza, Dubai na Singapore. Ujerumani na Ufaransa ni pini mbili za mviringo. Marekani na Kanada ni mbili bapa.

Kadi ndiyo sehemu yenye ulaghai mwingi zaidi. Kadi bandia huwa na kumbukumbu ya GB 8 au 16, lakini imechezewa ili ijitangaze kuwa GB 256. Itafanya kazi vizuri siku za mwanzo. Ikijaa kwa kweli, majina ya picha yanaendelea kuonekana lakini hazifunguki, na utagundua ukiwa umesharudi nyumbani. Ipime kabla ya safari kwa programu ya bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Mac na Linux. Huijaza kadi yote kisha kuisoma tena, hivyo yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Fanya jaribio hilo ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa.

Chukua kadi mbili za GB 64 badala ya moja ya GB 128, ili moja ikipotea usipoteze safari yote. Tafuta alama ya V30, inayoonyesha kasi ya kadi kuandika, kama utarekodi video ya 4K. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja hula takriban MB 750. Kamera za zamani zenye alama ya SDHC hazipokei zaidi ya GB 32. Kadi mpya ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.

Wiki tatu kabla ya ndege

Usinunue kamera uwanjani siku ya kuondoka, hata bei ikiwa nzuri. Inunue angalau wiki tatu kabla, uiharibie picha hapa hapa. Nenda Kit Mikayi ujifunze upana wa 24 kwa kuyaingiza mawe yote pamoja na watu waliosimama chini yake. Ingia msitu wa Kakamega saa sita mchana: chini ya miti ile mna giza la kutosha kukuonyesha kamera inafanya nini mwanga ukipungua. Walio Nakuru wapande Baboon Cliff na kuvuta zumu hadi mwisho, wakiwa wameegemeza viwiko kwenye ukingo, kisha walinganishe na picha zilizopigwa mikono ikiwa hewani. Sokoni Kibuye omba ruhusa kwanza, halafu ujaribu nyuso zilizo kivulini na jua nyuma yao.

Weka saa na tarehe sawasawa, na ukifika ubadilishe ukanda wa saa kwenye menyu. Usipofanya hivyo, picha za kamera na za simu zitajichanganya ukizipanga, chakula cha jioni kikitangulia cha mchana.

Siku ya kusafiri, betri za ziada na pawabenki ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Haziruhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Kikomo cha kawaida ni Wh (wati-saa) 100 kwa kila moja. Betri ya G7 X ni Wh 4.5 tu, na pawabenki ya mAh 20,000 kwa kawaida ni Wh 74. Ziba vichwa vya betri kwa selotepu au uziweke kila moja kwenye kifuko chake, zisigusane na funguo au sarafu. Mashine ya kukagua mizigo haidhuru kadi. Beba risiti ya kamera, au nakala yake kwenye simu, ili unaporudi uweze kuonyesha forodhani kwamba ulitoka nayo Kenya.

Na ukiwa huko kwenye baridi, kabla ya kuingia nyumba yenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado nje. Umande utashika plastiki badala ya lenzi. Iache humo saa moja au mbili hadi ipate joto la nyumba, ndipo uifungue. Kama unataka kuhamisha picha jioni hiyo, chomoa kadi ukiwa bado nje.